Mpaka wa Tawakali

Katika gereji yangu jina la Mungu hutajwa sana pesa zinapokaribia kwisha. Mwanzoni mwa kazi halisikiki. Mwanzoni ni turbo, ni rimu, ni mlio wa egzosi, ni video ya gari la jamaa fulani inayopitishwa kutoka simu hadi simu. Ikifika siku injini iko mezani imefumuliwa, bloku imerudi kutoka kwa mkerezaji, na mwenye gari anaangalia salio lake kwa unyonge, ndipo ninapoambiwa: "Beringi rudishia hizohizo, fundi. Mungu atasaidia."

Sijawahi kuambiwa hivyo kuhusu turbo. Hajatokea mteja wa kuniambia turbo tuiache, Mungu ataisukuma hewa mwenyewe. Kinachoachiwa Mungu siku zote ni kile kisichoonekana boneti ikifunguliwa: beringi, ringi, pampu ya oili, pampu ya petroli iliyozama ndani ya tangi. Vinavyong'aa tunavinunua, vilivyofichika tunaviombea dua.

Mimi ni fundi injini hapa Ilala, na kabla ya kushika spana nilishikishwa kitabu. Nimekulia Tanga kwa baba yangu mdogo, mwalimu wa madrasa, mtu asiyependa maneno ya dini yatumike ovyo. Tawakali kwake haikuwa neno la kujifariji. Ilikuwa hali ya moyo ya mtu aliyekwisha kufanya kazi yake. Kwa hiyo mteja akiniambia Mungu atasaidia, siwezi kuitikia amina nikaendelea kukaza boliti. Nasikia swali ndani yake, na swali lenyewe si jepesi: kama Mungu ndiye mtenda wa kila kitu, na hilo nimefundishwa na ninaliamini, mkono wangu unaishia wapi? Ni lipi hasa nina haki ya kumwachia Yeye?

Kijana aliyenisukuma niliandike jambo hili anakaa Temeke. Alileta Mark II, GX100 nyeupe, bodi imenyooka, ndani mna 1G-FE ya lita 2 ambayo ilipotoka kiwandani ilikuwa na farasi 140. Gari la kistaarabu, la kubebea bibi harusi. Alitaka farasi 400. Alikuwa na milioni saba, sehemu yake ikiwa imetokana na kuuza bodaboda mbili. Nilimwambia kwa pesa hiyo mtu mwenye akili zake hutafuta kiwanja Mkuranga. Akacheka. "Kiwanja hakiungurumi, fundi."

Njia yake inajulikana na kila fundi wa mjini: 1JZ-GTE ya mtumba. Toyota waliitoa injini hiyo mwaka 1990. Silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, ujazo ni lita 2.5, na bloku ni chuma kizito, si aluminiamu. Za mwanzo zilikuwa na turbo mbili ndogo ambazo mapanga yake ya upande wa moshi ni ya kauri, na kauri haina msamaha: ukiizidishia busti na joto, inapasuka. Kuanzia 1996 ikaja na turbo moja kubwa zaidi, pamoja na mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu. Bodi ya GX100 ni ileile ya JZX100 iliyozaliwa na injini hiyo, kwa hiyo inakaa humo bila kulikatakata gari.

Kwenye karatasi ilikuwa ya farasi 280. Si yenyewe tu. Tangu 1989 hadi 2004 makampuni ya magari ya Japani yalikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba gari la soko la nyumbani lisitangazwe kuwa limevuka hapo. Waungwana wakaandika 280 na chuma wakakitengeneza cha kubeba zaidi. Ndiyo maana watu wengi duniani wamezifikisha 400 na kupita kwa pistoni zilezile za kiwandani.

Biashara yetu yote sisi mafundi wa magari ya kasi inakaa katika nafasi hiyo, kati ya kilichoandikwa na kinachowezekana. Mhandisi aliacha akiba ndani ya chuma. Hakuiacha kwa ajili yetu. Aliiacha kwa ajili ya dereva atakayesahau kubadilisha oili, kwa ajili ya mlima mrefu siku ya jua kali, kwa ajili ya petroli ya kituo kisichoaminika. Aliufikiria uzembe wa watu asiowajua akaulipia mapema. Sisi tunaoongeza busti tunaichota akiba hiyo na kuiita nguvu ya bure. Mimi siioni kuwa ya bure. Ilikuwa tahadhari ya mtu mwingine, na kila farasi tunayemwongeza ametoka humo. Ukishaichota yote, huna haki ya kusema ulimtegemea Mungu. Ulimtegemea Mjapani mmoja usiyemjua jina, na sasa umemfilisi.

Tulipofika kwenye ubishi wa beringi, kijana alinitupia swali ambalo naamini alikuwa amelibeba siku nyingi. "Fundi, kama yote yamekwisha kuandikwa, si hata kufa kwa injini yangu kumeandikwa? Beringi mpya zitafuta?"

Shehe mwenye haraka angemkemea. Mimi naona kijana aligusa jambo lililowakesha watu wakubwa. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alichukua mfano wa moto na pamba. Pamba ikiguswa na moto inaungua. Lakini macho yetu, alisema, yanaona kuungua kunakokuja pamoja na kugusana. Hayaoni kwamba kugusana ndiko kulikoleta kuungua. Mtenda ni Mungu. Moto ni kitu kisicho na uhai, hauna tendo lake wenyewe. Mungu akitaka, vitagusana na pamba itabaki nyeupe. Baadaye Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki 1198, alimjibu kwa ukali: anayeziondoa sababu ameiondoa akili, maana kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Huku pwani, tuliosoma akida ya Kiash'ari, tumekaa upande wa Ghazali. Tukiwa wadogo tulifundishwa kwamba kisu hakikati kwa nguvu yake na chakula hakishibishi kwa nguvu yake.

Chukua maneno hayo uyatie ndani ya silinda. Kazi yangu yote ni moto na pamba. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde. Kwa silinda sita, ni mioto 300 kila sekunde moja. Plagi inawasha mahali pamoja, na moto unatembea kutoka hapo hadi ukutani, haraka lakini kwa utaratibu. Hewa ikiwa ya moto mno, au petroli ikiwa hafifu, au mchanganyiko ukikosa petroli ya kutosha, ile sehemu ya mwisho inajiwasha yenyewe kabla moto haujaifikia. Mgandamizo unapanda ghafla, unasikia mlio mkavu wa chuma kutoka juu ya injini, na ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka au ukingo wa ringi unakatika. Nani aliyeitoboa? Ghazali atakujibu kwa jibu lake. Mimi nitakwambia pampu ya petroli ilikuwa ile ya zamani ya 1G. Na sioni kwamba tunapingana.

Hatupingani kwa sababu Ghazali hakusema dunia ni vurugu. Alisema Mungu ana desturi Yake, na ameumba ndani ya nyoyo zetu elimu ya desturi hiyo. Ndiyo maana hakuna aliyeacha kitabu nyumbani akahofia kwamba akirudi atakikuta kimegeuka farasi. Nikimfuata hadi mwisho, fundi anayeacha kupima hamtegemei Mungu. Anamtaka Mungu aivunje desturi Yake kwa ajili ya Mark II. Huo ni muujiza anaouomba, tena hauombi kwa unyenyekevu wa anayejua kuwa anaomba muujiza. Anauomba kama punguzo la bei.

Kuhusu kuandikwa, nilimjibu kijana kwa yale tuliyosoma: tendo limeumbwa na Mungu, lakini mja amelichuma, na ataulizwa. Kama kufa kwa injini kumeandikwa, basi na mkono wangu ulioshika maikromita nao umeandikwa, na sijui kwa nini mtu asome ukurasa mmoja wa kitabu asichokiona akauacha mwingine. Hadithi ya ngamia na kamba, mfunge kwanza ndipo utawakali, kila mtu anaijua, kwa hiyo sikumrudishia.

Nilimwambia lingine ambalo halisemwi sana. Ghazali huyohuyo wa moto na pamba, katika Ihya, kitabu chake kikubwa, kwenye sehemu ya tauhidi na tawakali, aliwafungia mlango wavivu. Alizigawa sababu mafungu matatu. Za kwanza ni za yakini: chakula kiko mbele yako, una njaa, unakataa kunyoosha mkono ukisubiri Mungu akushibishe. Hiyo kwake ni wazimu, haina uhusiano na tawakali. Za pili ni za dhana yenye nguvu, kama msafiri kuchukua masurufu kabla ya kuingia jangwani. Za tatu ni za kubahatisha, na humo alizitia kutazamia ndege na kupungwa. Kufunga mlango wa nyumba, alisema, hakuiondoi tawakali, na kulala chini ya ukuta ulioinama si ucha Mungu.

Nimejaribu kuzipanga spea za injini kwa mafungu hayo, na sijaona mpango wa bajeti unaoushinda. Katika yakini ninaweka oili yenye presha, petroli ya kutosha, maji ya kupoozea, na nafasi sahihi kwenye beringi na ringi. Injini ya farasi 400 ikikanyagwa hadi mwisho hunywa zaidi ya lita 2 za petroli kwa dakika na kuvuta karibu kilo 20 za hewa. Pampu iliyokuwa ikilisha farasi 140 haiwezi, na hapo hakuna dhana wala dua, ni chakula mbele ya mwenye njaa. Katika fungu la dhana ninaweka pistoni za kufuliwa, konrodi nzito, boliti maalumu za silinda hedi: zinasaidia sana, lakini safari fupi unaweza kuifanya bila hizo. Katika kubahatisha ninaweka dawa za chupa za kumimina kwenye oili, plagi za rangi, na ile filta ya hewa ya umbo la pia inayofungwa karibu na egzosi ikinyonya hewa ya moto. Stika sijui niiweke fungu gani. Labda kupungwa.

Karatasi ya bajeti aliyoniletea kijana ilikuwa imepinduliwa. Fungu la tatu lilikuwa juu limepigiwa mstari, la pili katikati, na la yakini lilikuwa chini kabisa limeandikwa "mengineyo".

Na hapa ndipo hoja ya umaskini inapoanza kuvuja, kwa sababu vitu vingi vya yakini havili pesa, vinakula muda. Chukua ringi. Kila ringi ya pistoni ina mwanya pale ncha zake zinapokutana. Unaitia peke yake ndani ya silinda, unaisukuma chini kidogo kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa pande zote, kisha unapenyeza fila geji kwenye mwanya. Injini isiyo na turbo inavumilia mwanya mdogo. Ukiitia turbo joto linapanda, ringi inarefuka, na kama mwanya ulikuwa mdogo, ncha mbili zinagusana. Ringi haina tena pa kwenda. Inakwaruza ukuta au inaung'oa ukingo wa pistoni. Kwa silinda ya milimita 86 mimi huacha kama milimita 0.45 kwenye ringi ya juu. Unachukua tupa laini, unapiga ncha moja tu, kutoka nje kwenda ndani ili usiumenye uso wa ringi, mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi. Unairudisha silindani. Unapima. Bado. Unaitoa tena. Ringi mbili za mgandamizo kwa silinda sita ni kumi na mbili, na kila moja imepimiwa silinda yake, huwezi kuihamishia kwa jirani. Alasiri nzima inakwisha na hujafunga boliti hata moja.

Kijana alikuwa amekaa juu ya ndoo akinitazama. "Huo mwanya si utavujisha nguvu?"

Utavujisha kidogo injini ikiwa ya baridi, nikamwambia. Umeachwa kwa ajili ya joto ambalo bado halijafika.

Beringi nazo hivyohivyo. Unalaza uzi mwembamba wa nta juu ya shingo ya krenki, unafunga kofia yake kwa tokirenchi hadi kipimo cha kitabu, unafungua, na unasoma upana wa uzi uliobanwa kwa kuulinganisha na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi yake. Unatafuta nafasi ya kama sehemu nne kwa mia za milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Katika nafasi hiyo ndipo oili inakaa, na juu ya oili hiyo krenki yote inaelea. Ukiona beringi za zamani zimeonyesha shaba, huulizi tena kama Mungu atasaidia. Amekwisha kusaidia: amekupa macho na amekuonyesha shaba.

Siku ile mkerezaji wetu alikuwa amekuja kudai chake. Ni Mlutheri wa Machame, mzee wa kanisa, na huingia kwenye mazungumzo yetu ya dini bila kubisha hodi. Akasikiliza kidogo, akasema kwao jambo hilo lilikwisha kujibiwa juu ya paa la hekalu, pale Shetani alipomtaka Yesu ajirushe ili malaika wamdake. "Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kudakwa kuliko sisi wote," akasema, "na hakuruka. Sasa wewe, kijana wangu, unataka kuruka na beringi za mtumba?" Halafu akadai pesa yake ya kutoboa bloku, na akapewa nusu.

Lipo pingamizi ambalo haliondoki kwa kucheka. Mwenye nyumba Masaki anaagiza pistoni za kufuliwa, konrodi, kontroboksi ya kisasa. Akitaka farasi 600 anawapata, na usingizi wake juu. Maskini naye ana roho, anapenda mlio uleule. Ukimkataza kumwachia Mungu lile asiloweza kulilipia, umemwachia nini? Je, tahadhari ni ibada ya wenye pesa tu?

Nimelifikiria hili nikiwa chini ya magari, mahali pazuri pa kufikiria. Tajiri hajamaliza habari kwa kununua. Injini ya pistoni za kufuliwa inakufa vizuri tu kwa klipu ya paipu ya oili isiyokazwa. Lakini kwa maskini lipo jibu zuri zaidi, na limo ndani ya hesabu ya chuma chenyewe. Mzigo unaoivuta konrodi pistoni inapogeuka juu unapanda kwa mraba wa mizunguko. Ukitoka 6,000 kwenda 7,200 umeongeza asilimia 20 ya mizunguko, lakini mzigo umepanda asilimia 44. Kwa hiyo anayezuia mizunguko amejipatia konrodi imara zaidi bila kutoa shilingi. Busti nayo hivyo. Alichokinunua tajiri kwa chuma, maskini anakipata kwa kukinai. Mababu walipotufundisha kukinai tulidhani ni maneno ya kuwatuliza wasio nacho. Kwenye injini ni kipimo, kinaandikwa kwa namba na kinafungwa kwa spana.

Kijana hakuridhika, na alikuwa na shahidi wake: yule mzee wa filamu iliyotoka 2005, Anthony Hopkins akiigiza. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, ni mtu wa kweli. Alinunua pikipiki ya Indian Scout mwaka 1920, ikiwa na uwezo wa kukimbia kilomita kama 90 kwa saa, akaichokonoa maisha yake yote. Hakuwa na pesa. Pistoni alizisubu mwenyewe kwenye makopo, konrodi alizichonga kutoka ekseli ya trekta. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliweka rekodi ya daraja lake kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, karibu kilomita 295 kwa saa. Na katika banda lake alikuwa na rafu ya vyuma vilivyokufa, juu yake ameandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo kasi.

Kama Mwislamu maneno ya rafu ile yananikwaza, ingawa najua mzee alikuwa anatania. Kama fundi ninayaheshimu. Munro hakusema pistoni ilikufa kwa bahati mbaya wala kwa kudra. Alijua kwamba ametoa, ametoa nini, na kwa ajili ya nini. Akaviweka mahali pa kuvitazama ili ajue kilipovunjikia. Wateja wangu wengi hawataki hata kukiona kipande kilichovunjika. Wanataka kitupwe, na jina la Mungu liwekwe mahali pake.

Tofauti kubwa iko kwingine. Munro alikuwa peke yake juu ya chumvi tupu, hakuna mtu mbele wala nyuma kwa kilomita nyingi. Kijana wangu ana Barabara ya Kilwa. Ana bajaji, ana daladala inayosimama bila taarifa, ana watoto wa shule wanaovuka wakiwa wameshikana mikono. Tawakali ni baina ya mtu na Mola wake, na katika ya kwake mwenyewe mtu anaweza kuhatarisha kwa kadiri dhamiri yake inavyomruhusu. Lakini siwezi kutawakali kwa kutumia shingo ya mtoto wa watu. Yule anayevuka Mbagala saa sita mchana hajakubaliana nasi chochote. Haijui busti yetu. Katika maswali yote ya gereji hili peke yake sikulijadili na kijana, nililiamua.

Kwa hiyo tukalipanga upya daftari. 1JZ ya turbo moja, turbo yake ya asili. Beringi mpya, ringi mpya, gasketi, mkanda wa taimingi. Pampu mpya ya petroli. Intakula ya mtumba iliyosafishwa, maana hewa ya Dar mchana ni ya moto kabla hujaigandamiza. Giaboksi inayoendana nayo, kwa sababu ya 1G isingebeba. Busti chini kidogo ya bar 1, mizunguko ina kikomo. Hapo nilitarajia farasi kama 330. Pesa ambayo ingetafuta wale 70 waliobaki ilikwenda kwenye breki.

Alinuna siku mbili. Nikamwonyesha hesabu nyingine: nguvu inayohitajika kuupasua upepo inapanda kwa mchemraba wa mwendo, maana yake ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu mara nane. Tofauti ya 330 na 400, kwa mwendo wa juu kabisa wa gari lilelile, haifiki asilimia 7. Nani atakayeiona, na katika barabara gani yenye matuta?

Kuna mzee wa msikitini kwetu anayeona hata hao 330 ni israfu, kwa kuwa gari lilikuwa linafika Morogoro vizuri na 140. Simpingi sana. Nadhani tu kwamba mtu kutaka kujua chuma kinaweza nini si dhambi, na nikisema sipendi ule mvuto turbo inapoamka kwenye mizunguko 3,500 nitakuwa nimesema uongo. Israfu niliyoiona mimi ni injini nzima kutupwa kwa sababu ya beringi ambazo bei yake haifiki tairi moja.

Siku ya kumkabidhi gari aliniuliza busti inaongezwa wapi. Inaongezwa kwa skrubu ndogo kwenye kidhibiti chake, na mafundi wengi huificha, au humwambia mteja kwamba hakuna kitu kama hicho. Wana hoja. Wanazuoni walibishana karne nyingi juu ya hiari, Mu'tazila upande huu na watu wetu upande ule: kwa nini mja apewe uwezo na Anayejua atakavyoutumia? Sijipandishi cheo hicho. Najua tu kwamba gari ni lake, mimi ni mwenye kuaminiwa kulifunga, na anayefichwa hafundishwi chochote isipokuwa kutafuta fundi mwingine. Nikamfungulia boneti, nikamwonyesha, kaka yake mkubwa akiwa amesimama hapo anasikia.

"Ukigeuza kidogo umeingia kwenye akiba," nikamwambia. "Ukigeuza sana umeimaliza. Siku hiyo ukija kuniambia ni mapenzi ya Mungu, nitakuuliza nani alishika bisibisi."

Akaitazama skrubu. "Na nisipoigusa, fundi, nikabadilisha oili kwa wakati, nikafanya yote, na bado ikafa?"

"Hapo tutasema inna lillahi," nikamjibu. "Halafu utaileta hapa tuifungue, tuone imekufa kwa nini."